Namna ya Kumchagua Jogoo wa Mbegu

Anayekwenda soko la Mwanakwerekwe, Unguja, kutafuta jogoo wa mbegu huwa na macho ya haraka. Humtaka mwenye undu mwekundu, miguu minene, kidari kilichojaa na sauti ya kuamsha mtaa. Humshika mbawa, humpima kwa mkono, hupatana bei, hao wanaondoka. Jogoo akishafika uani, Fuoni au Meli Nne, huwapanda mitetea wote waliomo, na baadaye mwenyewe hubaki kujiuliza: mapora wametoka wembamba, matembe wanataga kwa kusuasua, na kati ya vifaranga weusi na wekundu kachomoza mmoja mweupe pepe. Lawama hupewa pumba, au muuzaji, au jirani mwenye jogoo mweupe.

Makala haya ni ya mfugaji wa uani, mwenye mitetea watano mpaka ishirini, anayetaka kuku wake wa kienyeji wazidi uzuri kila kizazi bila ya kununua vifaranga kila mara. Kuku ukimtazama peke yake anakueleza machache juu ya watoto atakaowaleta. Mengi yako kwa mama yake, kwa ndugu zake waliototolewa pamoja naye, na kwa vifaranga wake wa mwanzo. Kuchagua mbegu basi ni kazi ya kujua nasaba, na sisi watu wa visiwani kazi hiyo tunaijua: kabla ya posa huulizwa binti ni wa nani na katokea nyumba gani. Kuku naye aulizwe.

Mfuate mwenye kuku

Tenga moja la sokoni linaweza kukusanya kuku wa Makunduchi, Donge na Kizimkazi waliokutana asubuhi hiyo hiyo. Kwa kitoweo hakuna neno. Kwa mbegu, tenga limeshakukatia habari zote unazozihitaji, na pengine limeshamwambukiza kuku wako maradhi kabla hujamlipia. Ushauri wangu ni kulitumia soko kwa kuulizia. Mazungumzo yenyewe si marefu:

"Shikamoo, ami. Jogoo huyu katoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Katoka shamba."

"Shamba wapi, ami?"

"Muyuni, kwa bibi mmoja. Anao wengi kama hawa."

Bibi wa Muyuni ndiye unayemtafuta. Panda daladala umfuate, na ukifika usimkimbilie jogoo. Omba uoneshwe mama yake. Uliza anataga mayai mangapi kabla ya kulalia, anaangua mangapi katika hayo, na vifaranga wangapi hufika umri wa kujitegemea. Mtetea wa kienyeji kwa kawaida hutaga mayai 10 mpaka 15 kisha hulalia, na kwa mwaka hurudia mara tatu au nne. Anayetaga 15, akaangua 13 na kukuza 10, huyo ni mali, hata awe mdogo na rangi yake isikupendeze. Pora aliyetoka kwake mimi namweka mbele ya jogoo yeyote mkubwa asiyejulikana mama.

Kisha watazame ndugu. Pora mmoja mnene katikati ya ndugu wanane waliokonda huenda ndiye aliyekuwa akiwafukuza wenzake kwenye chakula, na unene wake ni wa ubabe. Pora wa wastani katikati ya ndugu wanane walionawiri wote anatoka katika uzao mzuri, na uzao ndio unaoununua.

Hapo ndipo umshike. Mpakate, pitisha vidole chini ya kidari uusikie mfupa: uwe umenyooka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mdomo wa juu na wa chini ukutane sawasawa. Vidole vya miguu visijipinde pembeni. Kasoro za namna hiyo mara nyingine hutokana na joto baya wakati wa kuatamiwa au lishe ya mama, na mara nyingine zimo katika damu. Kwa kumtazama huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo kuku wa namna hiyo mpeleke jikoni.

Nusu kwa baba, nusu kwa mama

Kuku ana jozi 39 za kromosomu, na katika kila jozi moja imetoka kwa jogoo na moja kwa mtetea. Wakati wa kutengeneza yai au mbegu ya kiume, kila jozi hugawanyika na nusu moja tu hupita, bila ya mpangilio. Yai la leo na la kesho la mtetea huyo huyo hayabebi nusu zilezile. Ndiyo maana vifaranga 12 wa mama mmoja na baba mmoja wanatofautiana rangi, umbo na hata ukali.

Gregor Mendel alizichapisha kanuni za mgawanyo huu mwaka 1866, akitumia njegere. Ilipofika mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alionesha kuwa kanuni hizo zinafanya kazi kwa wanyama pia, na mnyama aliyemtumia ni kuku: aliwachanganya majogoo na mitetea wenye undu tofauti akahesabu vifaranga. Kwa hiyo mfugaji wa Mwanakwerekwe anayehesabu undu za vifaranga wake anafanya kazi iliyofanywa na wenye elimu ya urithi tangu mwanzo.

Mrudie sasa yule kifaranga mweupe. Upo weupe ambao hauonekani mpaka kifaranga aurithi pande zote mbili. Jogoo mwekundu anaweza kuubeba nusu, mtetea mweusi naye akaubeba nusu, na kwa macho hakuna dalili. Wakikutana, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne hupata nusu zote mbili na kutoka mweupe. Jirani hana kosa. Sifa za namna hii zinaweza kulala kimya vizazi kadhaa, na si rangi tu: yapo madhara yanayolala vilevile, na nitayarudia nikifika kwenye kuku wa damu moja.

Sifa nyingine hazijifichi hata kidogo, na mwalimu bora wa hizo ni kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Mkamate kishingo umtazame kwa karibu pale shingo inapokutana na kifua. Wengine wana fungu dogo la manyoya lililosimama mbele ya shingo, ukubwa wa kidole gumba, juu na chini yake ngozi tupu nyekundu. Wengine hawana hata hilo, au wana vinyoya viwili vitatu tu. Tofauti hiyo ni hati yao ya urithi. Mwenye fungu kairithi sifa upande mmoja. Aliye mtupu kabisa kairithi pande zote mbili. Ukimpandisha mwenye fungu kwa mitetea wa shingo za kawaida, nusu ya vifaranga kwa wastani watakuwa vishingo. Ukimpandisha aliye mtupu, vifaranga wote watakuwa vishingo, kila mmoja na fungu lake. Hapa basi unaweza kumsoma jogoo papo hapo sokoni, bila ya kumjua mama.

Wapo wanaomdharau kishingo kwa sura. Mimi namtetea. Mwenye fungu hupungukiwa na manyoya kiasi cha robo mwili mzima, na aliye mtupu hufika karibu asilimia 40, kwani sifa hii haiishii shingoni. Katika joto la Kaskazi, kuanzia Disemba, kuku mwenye manyoya mengi hupanua mdomo akitweta na kuacha kula. Kishingo hupoteza joto kwa ngozi, anaendelea kuparura na kukua. Tena ni mwepesi kumnyonyoa. Kwa mabanda yetu ya mabati yaliyobanwa na kuta za jirani, kishingo mmoja au wawili katika kundi ni mtaji.

Umjue baba

Uani mwa mjini hamna mipaka. Mtetea wako anaruka ukuta, jogoo wa mtaa wa pili anapita mlangoni, na mayai ya ulalio mmoja yanaweza kuwa na baba wawili au watatu. Usipojua baba, kuchagua kwako ni bahati nasibu. Namna ya kumjua ipo, nayo inataka subira kuliko fedha.

Mbegu za jogoo hubaki hai ndani ya mwili wa mtetea kwa wiki mbili mpaka tatu. Mtetea aliyetengwa leo ataendelea kutaga mayai yenye uhai wa jogoo wa zamani siku nyingi baada ya kuachana naye. Wengi hukosea hapa: wanaleta jogoo mpya Jumatatu, wanaanza kukusanya mayai ya kulaliwa Ijumaa, kisha wanamsifu au kumlaumu jogoo mpya kwa watoto wasio wake. Watenge mitetea uliowachagua na jogoo uliyemchagua, na mayai ya wiki tatu za mwanzo yapeleke sokoni au jikoni. Yanayofuata ndiyo ya mbegu. Yakusanye kwa siku zisizozidi kumi, yaweke pahala pa baridi kivulini, ncha nyembamba ikiwa chini, na kila yai uliandike kwa penseli tarehe na alama ya mtetea. Ukiwa na mitetea wachache utajifunza haraka yai la kila mmoja, kwa sababu umbo na rangi ya yai la mtetea hazibadiliki sana.

Kama huna nafasi ya kutenga, undu utakusaidia kubaini mgeni aliyeingia. Undu wa kawaida ni ule wa meno, umesimama kama msumeno mmoja. Upo mwingine mdogo, umelala chini na una mistari mitatu ya vijinundu. Kuchi wengi, wale kuku warefu waliosimama wima, wanao. Huu wa vijinundu hutawala: kifaranga akiurithi hata upande mmoja utaonekana. Kwa hiyo jogoo wa meno na mtetea wa meno hawawezi kuzaa kifaranga wa vijinundu. Akitokea, ujue jogoo mwingine kapita. Miguu ya njano nayo ni ushahidi, ingawa si mwepesi. Unjano wa ngozi hauonekani mpaka urithiwe pande zote mbili, hivyo wazazi wote wa miguu ya njano huzaa vifaranga wa miguu ya njano. Subiri lakini wakue kidogo na wapate majani na mahindi ya njano, kwani rangi yenyewe hutoka kwenye chakula na kuku aliyefungiwa na pumba tupu anaweza kupauka. Inapendeza kujua kuwa unjano huo hautoki kwa kuku mwekundu wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, mzazi mkuu wa kuku wote wa dunia. Uliingia kutoka kwa kuku wa kijivu wa mwituni wa India.

Undu huo huo unakupa mtihani wa kumpima jogoo. Tuseme una jogoo wa vijinundu na unataka kujua kama anaficha undu wa meno. Mpandishe kwa mitetea wa meno. Kifaranga mmoja tu wa meno akitokea, jibu umelipata: anaficha. Wakitoka saba mfululizo wote wa vijinundu, uwezekano wa jogoo anayeficha kubebwa na bahati mara zote saba ni mmoja kati ya 128. Hesabu ya namna hii inafaa kwa kila sifa inayojificha, mradi umpandishe kwa mitetea wanaoionesha wazi.

Wasioozana

Ipo michanganyiko inayomtia mfugaji hasara bila ya kuonekana. Wa kwanza ni wa kuku wafupi, wale ambao mwili ni wa kuku wa kawaida ila miguu mifupi mno, tumbo karibu na ardhi. Wapo wafupi wa aina nyingi, lakini katika aina inayojulikana zaidi duniani sifa ikirithiwa upande mmoja humfupisha miguu, na ikirithiwa pande mbili kifaranga hufa ndani ya yai siku ya tatu au ya nne. Jogoo mfupi juu ya mtetea mfupi, katika mayai 12 matatu kwa wastani yatakufa mapema hivyo. Mtu akiyavunja baadaye husema ni mayai viza, au jogoo hana nguvu. Dawa ni kumpandisha mfupi kwa mrefu: nusu ya watoto watatoka wafupi, nusu warefu, na hafi yeyote kwa sababu hiyo.

Wa pili ni wa kuku wenye manyoya ya kujikunja, walioelekea nyuma. Aliyerithi upande mmoja ana manyoya yaliyopinda vizuri na haoni taabu ya joto. Aliyerithi pande mbili hutoka na manyoya membamba yanayokatika, mwili karibu mtupu, dhaifu, na wengi hawafiki ukubwani. Huyu naye aozwe kwa wa manyoya ya kawaida. Bukini, yule asiye na mkia, namtaja kwa kifupi: kumpanda au kupandwa kwake huwa na taabu, kwa hiyo mayai yasiyo na uhai yakizidi usishangae.

Uzito na mayai

Shingo na undu huendeshwa na jeni moja moja, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Uzito na utagaji huendeshwa na jeni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, na juu yake kuna chakula, maradhi na majira. Wataalamu hupima sehemu ya tofauti inayotokana na urithi. Kwa uzito wa kuku sehemu hiyo mara nyingi huwa karibu na 0.4. Kwa idadi ya mayai ni ndogo zaidi, kiasi cha 0.1 mpaka 0.3.

Tumia hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha zako. Tuseme majogoo wa ukoo wako wana wastani wa kilo 1.8, nawe umepata mmoja wa kilo 2.2. Kazidi gramu 400. Mitetea wako ni wa wastani. Ziada ya wazazi wawili ukiigawa ni gramu 200, zidisha kwa 0.4, unapata gramu 80. Hicho ndicho cha kutarajia kwa watoto, wala si ile 400 uliyoilipia. Ukichagua na mitetea wanaozidi wenzao kwa gramu 400, matarajio yanapanda mpaka 160. Somo lake ni kwamba mitetea ni nusu ya kazi, nasi tumezoea kuisahau nusu hiyo.

Kulinganisha nako kuwe kwa haki. Kifaranga aliyeanguliwa Machi akakutwa na mvua za Masika, banda limelowa na kukohoa kumeanza, hawezi kulinganishwa na aliyeanguliwa Juni katika Kipupwe. Linganisha walioanguliwa pamoja, pora kwa pora na tembe kwa tembe, umri mmoja. Mizani ya dukani inatosha. Wapime wakiwa na wiki 12, andika daftarini, basi.

Kwa mayai, kumtazama tembe hakusaidii na jogoo ndiyo kabisa, kwani hatagi. Lakini jogoo anabeba nusu ya urithi wa utagaji atakaoupitisha kwa mabinti zake. Namna ya kumjua ni kumhesabia mama yake na dada zake. Ndiyo sababu nilikutuma Muyuni.

Jambo moja la kuondosha lawama nyumbani: wapo wanaomtupa jogoo kwa kuwa "analeta madume tu". Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia. Kwa ndege ni kinyume: jogoo ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, mtetea ana mbili tofauti, na yai la mtetea ndilo linaloamua. Jogoo hana mkono wake humo, na mtetea hachagui. Mpangilio huo unakupa faida moja ikiwa una mtetea wa mistari myeusi na myeupe iliyopishana mwili mzima. Mpandishe kwa jogoo mweusi asiye na mistari. Siku ya kuanguliwa, vifaranga weusi wenye doa jeupe kichwani ni majogoo; weusi wasio na doa ni mitetea. Wazazi ukiwageuza, jogoo wa mistari kwa mtetea mweusi, alama hiyo haitakutenganishia kitu.

Kuchi, Unguja na chotara

Kuku si mwenyeji wa Afrika. Alikuja Bahari ya Hindi ikivukwa kwa pepo za Kusi na Kaskazi, na mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, mji uliokuwa ukifanya biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tangu hapo kila jahazi liliongeza damu yake, na utajiri huo bado umo ndani ya matenga yetu. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya makundi matano ya kuku wa Tanzania: Kuchi, Ching'wekwe, Morogoro wa kati, Pemba na Unguja. Kuchi walijitenga wazi na wengine, na urithi wao wa upande wa mama umewahusisha na kuku wa kupigana wa Asia. Kwa macho pia utawajua: warefu, wamesimama wima, shingo ndefu, undu mdogo.

Jogoo wa kuchi ni mzuri wa kuongeza umbo, na anaweza kupita kilo mbili na nusu. Ila anachelewa kukomaa, hupigana, na mitetea wake si watagaji wakubwa. Mtumie kwa kizazi kimoja, kisha rudisha mabinti zake kwa jogoo aliyetoka kwa mtagaji mzuri wa hapa hapa.

Chotara na kuku wa kisasa wa nyama na mayai, kama Sasso na Kuroiler, wana nafasi yao. Walijaribiwa Tanzania katika mradi mkubwa wa kuku uliohusisha pia Ethiopia na Nigeria, na wanakua haraka kuliko wetu. Lakini wametengenezwa kwa kuchanganya koo maalumu, na ubora wao ni wa kizazi kile unachokinunua. Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto wanatawanyika: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja hana umbo. Tena uwezo wa kulalia umepunguzwa sana katika kuku waliochaguliwa kwa mayai, na anayezaliwa na jogoo wa ukoo huo anaweza kutaga vizuri akaacha mayai yapoe. Kwa mfugaji asiye na mashine ya kutotolesha hiyo ni hasara kubwa. Usichinje mitetea wako wote wa kienyeji kwa ajili ya tenga moja la chotara. Wakishaondoka, dukani hawauzwi.

Juu ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri, nisieleweke vibaya. Watafiti wa Sokoine, Ghana na Marekani wamewapima kuku wa kienyeji na kukuta kuwa namna wanavyojenga kinga dhidi ya virusi vya mdondo inarithiwa kwa kiasi fulani. Kazi hiyo ina matumaini. Lakini kuku aliyebaki peke yake baada ya mdondo kupita mtaani si lazima awe na damu ya chuma. Pengine alikuwa juu ya mti. Chanjo ya tone la jicho inayovumilia joto ipo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chagua mbegu, na chanja.

Damu moja

Kosa linaloharibu makundi mengi ya uani ni kumpenda jogoo mmoja mpaka anazeeka. Mwaka wa kwanza anawapanda mitetea, mwaka wa pili anawapanda mabinti zake. Kifaranga wa baba na binti, au wa kaka na dada, katika robo ya jeni zake amepokea nakala ileile pande zote mbili. Hapo ndipo yale madhara yaliyokuwa yamelala huamka: mayai hayaanguliwi, vifaranga wanakufa bila sababu, midomo inapinda, utagaji unashuka.

Hesabu aliyoiweka mtaalamu wa urithi Sewall Wright mwaka 1931 inaonesha ukubwa wa tatizo. Jogoo mmoja na mitetea 10, kwa upande wa urithi, ni sawa na kundi la kuku wasiofika wanne, hata kama banda linaonekana limejaa. Waongeze majogoo wafike watatu kwa mitetea hao hao, na kundi linakuwa sawa na kuku 9. Nani ana uani wa majogoo watatu wasiopigana? Kwa hiyo shirikianeni. Nyumba tatu za wanaoaminiana, tuseme moja Mwanakwerekwe, moja Fuoni na moja Jumbi, kila moja inabaki na mitetea wake na mabinti zao. Majogoo ndio wanaohama, tena kwa mwelekeo mmoja kila mwaka: pora bora wa Mwanakwerekwe aende Fuoni, wa Fuoni aende Jumbi, wa Jumbi aje Mwanakwerekwe. Jogoo wa zamani anachinjwa au anauzwa. Kwa utaratibu huo hakuna jogoo anayempanda binti yake wala dada yake, na zikiongezeka nyumba damu moja inachelewa zaidi kukutana.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ipewe kazi ya pili. Kila nyumba iwe na rangi yake ya uzi: kifaranga afungwe uzi wa nyumba aliyozaliwa, ulegezwe na kubadilishwa kadiri mguu unavyonenepa, ili hata baada ya miaka mitatu mtu ajue huyu ni damu ya wapi.

Pora anayehama awe na miezi sita au saba, amechanjwa wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Akifika akae banda la peke yake kwa wiki mbili nyingine, na anayemlisha awalishe kwanza kuku wa nyumbani ndipo amwendee yeye. Jogoo wa zamani atoke siku hiyo hiyo mgeni anapofunguliwa, na mayai ya wiki tatu zinazofuata yasilaliwe.